Bomba Liishie Wapi

"Ondoka kwenye simiti yangu, madam."

"Siondoki."

"Utaondoka tu. Maji nimeshapima, pipa iko tayari. Simiti haingojangi mtu."

"Basi hii itangoja."

Nilikuwa nimekaa juu ya mifuko ya saruji, mkoba mapajani, na sikuwa na haraka. Fundi Okinyi alisimama mbele yangu na koleo lake. Nyuma yake mtambo wa kuchimbia kisima ulikuwa umezimwa, na mabomba manne ya chuma, kila moja mita tatu, yalishashuka shimoni, moja limeungwa juu ya jingine. Kilichobaki ni kuyazungushia uji wa saruji. Ukikauka ule uji, hata trekta haiyatoi.

"Mita kumi na mbili," nikamwambia. "Yaani mwamba mzima hapa Genkuru unaanza mita kumi na mbili?"

"Si mimi nasema. Mafungu ndiyo inasema. Kwani wewe huna macho?"

"Ninayo. Ndiyo maana nimekaa hapa."

Kisima kilikuwa cha zahanati yetu. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya maji ya kijiji, na nilipewa kazi hiyo kwa sababu nina diploma ya maji na kwa sababu sinyamazi. Ilikuwa miaka ile ya dhahabu, kabla mgodi mkubwa haujazungushiwa uzio. Kila ukoo ulikuwa na duara lake, yaani shimo lake la kutafutia dhahabu, na kila jiko lilikuwa na kichupa cha zebaki ya kunasia chembe kwenye unga wa mawe yaliyosagwa kwa mashine ya karasha. Maji ya kuoshea yalimwagwa popote. Yakazama udongoni, yakaingia kwenye visima vifupi, na humo ndimo tulimochota. Mwanangu Beatrice alikuwa na miaka minne na hakuwa amewahi kunywa maji mengine.

Bomba la kinga kazi yake ni hiyo tu: kuyazuia maji ya juu yasiingie kisimani. Lazima lipite udongo wote, lipite mwamba uliooza, likite mguu ndani ya mwamba mzima, ule usiopitisha maji. Likiishia juu ya hapo, uchafu unapita chini yake na kuingia. Mtakuwa mmechimba shimo refu la kunywea zebaki.

Sasa utajuaje mwamba mzima uko wapi, na hakuna anayeingia humo ndani? Mafungu ndiyo yanakuambia. Kwanza hutobolewa shimo jembamba la kupima. Kila mita ambayo keekee inashuka, mtambo unapuliza juu unga na vipande vya kile inachotafuna. Vinakusanywa na kumwagwa kwa mstari, fungu moja kwa kila mita, kama mafungu ya nyanya sokoni, na kila fungu lina kijiti chenye namba. Ukitembea kando ya mstari unaisoma ardhi kuanzia juu hadi chini.

Na mafungu ya siku ile yalisoma hivi: udongo mwekundu mpaka kumi na moja. Kuanzia kumi na mbili, unga mweupe wa mawe magumu, hadi ishirini na sita. Kisha ghafla, ishirini na saba mpaka thelathini, vipande vyeusi vyenye ncha.

"Ona meno ya keekee yako," nilimwambia Okinyi. "Umepanua shimo hadi kumi na mbili na imetoka na udongo mwekundu umeganda kwenye meno. Ingekuwa imetafuna mwamba, ingetoka hivyo?"

"Hiyo imeporomoka kutoka juu. Ukuta inabomoka, udongo inashika meno. Hiyo kitu ya kawaida."

"Na huo mweupe kugeuka mweusi kwa mita moja? Nayo ya kawaida?"

"Mwamba hubadilisha rangi. Madam, nimechimba visima kutoka Migori mpaka Mugumu."

"Ulikuja na mabomba kumi. Hapa yanaingia manne. Sita yanaenda wapi?"

Akahamisha koleo mkono mwingine.

"Kuna kazi Manchira," akasema.

"Ahaa."

"Ahaa nini? Nimekuibia?"

"Sijasema. Nauliza tu, hili shimo lilipotobolewa wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuambia. Shangazi yangu alizikwa huko nyuma ya Sirari. Stanslaus ndiye alitoboa."

"Na Stanslaus yuko wapi?"

"Si unajua ana malaria! Si wewe mwenyewe ulimtafutia gari ya Tarime?"

Ilikuwa kweli. Stanslaus, msaidizi wake, alipakiwa jana jioni akitetemeka, hata jina lake hawezi kulisema. Kwa hiyo mtu pekee aliyekuwa ameusikia mtambo ukishuka hakuwepo, na fundi alikuwa anasoma mafungu tu, kama mimi. Tofauti ni kwamba yeye alifaidika kwa kuyaamini. Bomba fupi hapa, mabomba ya ziada Manchira. Nilimwangalia usoni, nikaona mtu aliyechoka na msiba. Nikajiambia wezi nao hufiwa.

Niliinuka, lakini mkoba niliuacha juu ya saruji, aone kwamba nafasi ina mwenyewe. Nikaenda kuchuchumaa kwenye fungu la kumi na nne. Watu walikuwa wameanza kusogea: wanaume wanne watano kutoka kwenye maduara ya bondeni, wanawake wenye ndoo, na shemeji yangu Mwikwabe, mdogo wake mume wangu Heche. Mwikwabe ndiye aliyewekwa na kijiji kulinda mtambo. Alikuwa na fimbo yake kwapani.

Nilichota unga kiganjani. Ulikuwa laini mno. Keekee inapasua mwamba kwa kuugonga, inaacha vipande vyenye ncha vinavyochoma kidole. Huu ulikuwa umesagwa, unakaribia unga wa ugali. Nikaomba maji kwa mwanamke mmoja, nikamwagia kidogo kiganjani, nikakitikisa kama watu wanavyotikisa karai. Unga ukaenda na maji. Kikabaki kitone kimoja, kidogo kuliko punje ya uwele, kinang'aa. Nilipokigusa na ukucha kikagawanyika viwili, vikakimbia, vikakutana tena.

"Fundi," nikaita. "Njoo uone mwamba wako."

Okinyi akainama.

"Hiyo ni zebaki."

"Imefikaje mita kumi na nne chini ya ardhi?"

Na hapo ndipo nilipokosa kupima sauti yangu. Nikasema, na nikasema kwa nguvu kama ninavyosema kila kitu, "Haya mafungu yamebadilishwa! Huu ni unga wa karasha, umeshasagwa na kuoshwa. Ya kweli yamechukuliwa!"

Nilikuwa namsemesha yeye. Lakini kijiji kizima tangu mtambo ulipofika kilikuwa kinaongea jambo moja: kwamba hakuna mtu anayeleta chuma kikubwa namna ile kutafuta maji. Maji yapo mtoni. Walikuwa wanangoja tu mtu wa kuwathibitishia.

"Nilisema mimi!" Mwikwabe akaruka mbele. "Si nilisema? Wamepata dhahabu, wamebeba, wametuwekea takataka!"

"Alikuwa Sirari," mwingine akadakia. "Msiba gani wa kwenda na lori?"

"Sikwenda na lori," Okinyi akasema. "Nilipanda gari ya abiria. Ndugu zangu, lori ilikuwa hapa hapa."

"Ndugu yako nani? Toa ufunguo!"

Kufumba na kufumbua ufunguo wa lori ulikuwa mkononi mwa Mwikwabe na Okinyi amekalishwa chini, mgongo kwenye gurudumu. Fimbo zilikuwa nyingi kuliko nilivyozihesabu mwanzoni. Okinyi hakupiga kelele. Aliniangalia mimi tu, na macho yake yalikuwa yanauliza swali la haki kabisa: si wewe ndiye umesema?

Nikayarudia mafungu kwa macho, natafuta cha kusema. Kwenye fungu la kumi na tisa kulikuwa na kitu kimechomoza. Nikakivuta. Unyoya. Mdogo, mweusi wenye madoa meupe.

Nina kuku mmoja wa rangi hiyo. Kila asubuhi anaoga vumbi sehemu moja tu, kwenye lundo la unga wa karasha nyuma ya jiko la mama mkwe wangu, na nimemfukuza pale mara nyingi kwa sababu ya ile zebaki.

Nikaufumba unyoya mkononi. Nilipoinua uso, Mwikwabe alikuwa ananiangalia mkono. Akageuka haraka, akampigia Okinyi kelele kubwa kuliko za mwanzo.

Alikuwa analinda yeye. Mafungu kumi na tano hayabebwi na kurudishiwa mengine bila mlinzi kusikia hata koleo. Ndipo nilipoanza kumtilia shaka mtu mwingine, na huyo alikuwa wa nyumbani kwangu.

"Msimguse mpaka nirudi," nikasema.

"Unaenda wapi, shemeji?" Mwikwabe akauliza.

"Kunywa maji."

Mama mkwe wangu, Ghati, alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, kama ilivyotetemeka tangu masika. Yeye alisema ni uzee. Mimi nilisema ni moshi wa ile zebaki anayoichoma kwenye kijiko ili ibaki dhahabu, na tulishagombana juu ya hilo mpaka tukachoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kelele za nini huko?"

"Fundi anataka kupigwa. Mama, lile lundo lako nyuma ya jiko limekwenda wapi?"

"Nimefukia njia. Si uliona matope?"

"Nimepita njiani sasa hivi. Matope yapo."

Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa mbali. Nikavua viatu, nikampita, nikaingia ndani. Jikoni kwake huwa naingia. Chumba chake cha kulala sikuwahi kukitia mguu tangu niolewe.

"Rhobi. Hicho ni chumba changu."

"Najua, mama."

Nilipiga magoti nikafunua shuka lililoning'inia kitandani. Vilikuwa vimepangwa kwa mstari kutoka mlangoni hadi ukutani: sufuria, makopo ya mafuta ya kupikia, kibuyu kilichokatwa, birika lisilo na mdomo. Kila kimoja kimejaa udongo au mawe, na juu yake punje za mahindi. Kwenye cha kwanza nilihesabu punje kumi na mbili. Cha pili, kumi na tatu. Mama hakusoma darasani, lakini alikuwa ameona namba za vijiti ni hatua, akazihamisha kwa mahindi asichanganye. Alitaka kujua dhahabu iko mita ya ngapi.

Karibu na ukuta kulikuwa na bakuli la plastiki la njano, la uji wa Beatrice. Tulikuwa tunalitafuta tangu jana. Limejaa tope, na limeegemezwa kwenye kichupa cha zebaki.

Nikaketi sakafuni kidogo.

Kisha nikafanya kazi. Punje ishirini: wekundu wa kahawia, nikafikicha, ukasagika vidoleni kama ugali uliolala. Ishirini na moja, vile vile. Ishirini na mbili ndiyo iliyokuwa kwenye bakuli la mwanangu: mwamba uliooza, unashika kama mfinyanzi. Ishirini na tatu ilikuwa sufuria. Humo vipande vilikuwa vya kijivu kilichokolea, vigumu, vyenye ncha. Nilikigonga kimoja kwenye ukingo wa sufuria kikalia. Kuanzia hapo mpaka ishirini na sita ni hivyo hivyo, na hapo vyombo vya mama vilikuwa vimeisha.

Mwamba mzima unaanza mita ishirini na tatu. Tulikuwa tunataka kulikomesha bomba kwenye mita ya kumi na mbili.

Ghati alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake.

"Sijaiba," akasema. "Nimechukua fungu nimeweka fungu."

"Na mafungu ya juu, mbona hukuyachukua?"

"Udongo wa juu una nini? Dhahabu inakaa kwenye jiwe. Mwikwabe amechimba kama fuko, hapati kitu. Hawa wana chuma kinachoona chini. Nikasema, acha nijue wanaona nini."

"Mwikwabe anajua?"

"Mwikwabe alilala."

"Mama."

"Alishika taa," akasema. "Basi. Sasa nisikilize, wewe ni msomi lakini nisikilize. Waache wamwage hiyo saruji. Maji ni maji. Huyo Mjaluo atachapwa viboko viwili vitatu, atapanda lori aende kwao. Wiki ijayo nani atakumbuka? Lakini mimi nikitajwa, siyo mimi peke yangu. Ni Heche. Ni wewe. Ni Beatrice siku atakapokuja kuchumbiwa, waseme bibi yake alikuwa mwizi wa mafungu ya zahanati."

"Watakaompiga hawapigi viwili vitatu."

"Hujui."

"Najua. Na wewe unajua."

Akashusha macho kwenye maharage. Ungo ulikuwa unatetemeka, maharage yanagongana.

"Jioni nitayarudisha mwenyewe," akasema taratibu. "Hakuna atakayeona."

"Jioni saruji itakuwa imekauka. Na hili bakuli, mama? Hili nalo ulilirudishia lingine?"

Nilimwaga punje za mahindi mfukoni, nikachukua bakuli la njano mkono huu na sufuria ya ishirini na tatu mkono huu. Kutoka kwa mama kwenda zahanati kuna njia mbili. Ya nyuma inapita kwenye migomba na hakuna anayekuona. Nilipita ya mbele, kwenye maduka.

Walikuwa bado hawajampiga, ila shati la Okinyi lilikuwa limechanika begani na mtu alikuwa ameshamvua saa. Mwikwabe aliponiona na vile vyombo akaja kunipokea katikati ya njia, anatabasamu.

"Shemeji, lete nikusaidie kubeba."

"Kaa pembeni."

"Shemeji," safari hii kwa sauti ya chini, "fikiria unachotaka kusema. Huyo ni mama."

"Nimefikiria njia nzima."

Nilisimama kwenye mstari wa mafungu. Nikapiga teke fungu la ishirini na mbili, unga wake mweupe ukatawanyika kwenye viatu vya watu. Nikamwaga bakuli mahali pake. Nikapiga teke la ishirini na tatu, nikamwaga sufuria.

"Haya ndiyo mafungu ya kweli," nikasema. "Yalikuwa chini ya kitanda cha mama mkwe wangu, Ghati. Ameyachukua yeye atafute dhahabu, akaweka unga wa karasha. Mengine yako pale pale, anayetaka akayaone. Na aliyemshikia taa ni mlinzi wenu. Fundi hajui lolote. Mimi ndiye nilisema bila kumaliza maneno, sasa nimemaliza."

Mwanamke mmoja akacheka, mwingine akamkanyaga mguu. Mwikwabe akasema neno moja la Kikurya ambalo sitaliandika.

"Na dhahabu je?" mzee mmoja akauliza. "Kwenye hayo mafungu, ameona dhahabu?"

"Hamna kitu!" Sauti ilitoka nyuma yetu. Ghati alikuwa amenifuata, kanga moja begani, hana viatu. "Nimeosha cha kumi na tisa, nimeosha cha ishirini na tano. Mavumbi matupu. Mwacheni huyo mtu, hata wizi wenyewe haukuwa na faida."

Fimbo zilianza kushuka, moja moja. Waliokuja na ndoo wakakumbuka ndoo zao. Saa ikarudi kwa mwenyewe bila mtu kuonekana akiirudisha.

Nikanyoosha mkono kwa Mwikwabe. "Ufunguo."

Alinipa. Hakunitupia, alinipa, lakini hakuniangalia, na mpaka leo kwenye sherehe za ukoo anakaa upande mwingine.

Okinyi alikuwa amechuchumaa kwenye mafungu mapya. Alilibonyeza la ishirini na mbili, likaacha alama ya vidole vyake. Akachukua kipande kwenye la ishirini na tatu, akakigonga kwenye bomba, akasikiliza.

"Hii imeoza," akasema. "Hii nzima."

"Bomba liishie wapi?"

"Ishirini na nne. Iingie mita moja ndani ya mwamba."

"Hayo ni mabomba manane. Unayo kumi."

Akatazama lori. "Manchira wananingojea, madam."

"Manchira nitawaandikia mimi."

Alinitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Angeweza kukataa. Ningekuwa mimi nimechaniwa shati kwa maneno ya mtu, ningepanda lori nikaenda zangu. Nilimwekea ufunguo kiganjani, asije akasema nimemzuia.

"Sikusema pole," nikamwambia. "Pole. Ya msiba na ya hili."

"Ondoka kwenye simiti yangu," akasema, ingawa wala sikuwa nimekaa. Kisha akaenda kuwasha mtambo.

Ulikohoa, ukashika. Mnyororo ukakazika, mabomba manne yakaanza kupanda, polepole, yanasaga ukuta. La mwisho lilipotoka shimoni, mdomo wake wa chini ulikuwa umejaa udongo mwekundu, mbichi, unadondoka matone. Okinyi aliukomba kwa kidole, akaniangalia, akaupangusa kwenye suruali. Kisha akafunga keekee pana na kuishusha shimoni, kutafuta mita ishirini na nne.

Mimi nikarudi kukaa juu ya saruji, nihesabu mabomba yatakapokuwa yanashuka.